Koridoni hapana mgonjwa

Mwanangu,

Waalaikumu salaam. Swali lako nimelipata: mgonjwa wako, yule mzee wa kansa ya umio, hatua ya nne, wanawe wamekuzuia mlangoni usimwambie ugonjwa wake, nawe wauliza uwatii au umwambie. Ngoja kwanza. Wajua nani alimwambia babu yako?

Wakati ule ulikuwa bweni. Nyumbani tulikuwa tukisema ana "kidonda cha koo". Ilianza nyama kumkwama, ukafuata mkate wa mofa, hata auchovye kwenye chai, mwisho akabaki na uji. Barazani kahawa ikipita hakatai. Akishika kikombe, akizungumza, akikipeleka mdomoni, na wenzake wakigeuka tu akikimwaga nyuma ya baraza, polepole, kisha akirudisha kikombe kitupu na kushukuru. Mimi nikimwona kutoka dirisha la juu. Sisi twamficha, naye atuficha, na siri yenyewe ni hiyo hiyo moja.

Tukampeleka Mombasa. Kamera ikapitishwa kooni, kinyama kikakatwa kwenda kupimwa, majibu yakarudi. Daktari wa kwanza hakuingia hata ndani. Alisimama mlangoni, akampungia ami yako mkono, wakatoka koridoni. Nikainuka niwafuate. Mimi, mwanangu, niliyezeekea wodini! Lakini pale nilikuwa mkaza mwana tu. Ami akanigeukia: "Shemeji, kaa na mzee." Nikakaa. Neno hilo halijanitoka mpaka leo, na yeye hata halikumbuki.

Wakakaa huko wee, kisha ami akarudi na uso wa Idi: "Baba, utapoa, inshallah." Babu yako akamtazama. "Muda wote huo nje, mmeniletea neno moja?"

Ndiyo maana nasema kila siku, nanyi mwanicheka: koridoni hapana mgonjwa. (Najua, siku hizi wodi zikijaa hulazwa hata huko. Wanielewa.)

Aliyemwambia ni daktari wa pili, kijana aliyekuja kumtia kijibomba cha waya, kile kinachojifungua chenyewe ndani ya umio. Alivuta kiti cha plastiki, akakaa kitako. Hakueleza chochote. Aliuliza: "Mzee, wewe mwenyewe waonaje, huu ni ugonjwa gani?" Babu akajibu papo hapo, "Kansa. Nilikuwa sitaki kuwatisha wanangu." Ami yako akashika ukuta. Mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kucheka.

Kisha wakaongea kama watu wawili wanaopanga safari. Itaondoka? La. Nitameza? Ndiyo, vitu laini, lakini kijibomba chafungua njia tu, hakitibu. Alirudi Lamu akila wali uliopondwa kwa mchuzi wa samaki. Maumivu yalipozidi, chupa ya mofini ya maji hakuiogopa, kwa kuwa alijua yatuliza nini. Akiulizia mwenyewe saa yake ya kunywa.

Waniambia kuficha ni desturi yetu na kusema ni mambo ya Wazungu. Soma tena makala uliyonitumia wewe mwenyewe! Mwaka 1961 madaktari wa hospitali moja ya Chicago waliulizwa, na asilimia 90 wakasema hawapendi kumwambia mgonjwa kuwa ana saratani. Mwaka 1979 swali hilo likaulizwa tena Marekani, asilimia 97 wakapendelea kumwambia. Desturi gani hiyo ya kugeuka kwa miaka 18? Mimi naona dawa ziliongezeka, daktari akawa na kitu mkononi cha kumpa mtu pamoja na ile habari.

Lakini hapo hoja yangu yanirudia. Mzee wako amebakiwa na dawa gani? Haya, mofini ni dawa. Kijibomba ni dawa. Bado, kuna wasiotaka kujua. Khalati yako wa Shela alisema waziwazi: "Zungumzeni na mume wangu, mimi msinieleze." Na ilikuwa haki yake, kwani aliulizwa, akajibu kwa kinywa chake. Katika zile hatua sita za kumpa mgonjwa habari mbaya mnazofundishwa nyinyi madaktari, za SPIKES, si daktari huuliza kwanza mgonjwa ajua nini, halafu ataka kujua kiasi gani, ndipo aseme? Yule kijana wa kiti cha plastiki sijui kama alizisoma, ila alizifuata.

Ulimi wanitekenya niseme mwambie. Sisemi. Mzee mwenyewe simjui, na wanawe si maadui zako. Ila koridoni hapana mgonjwa, kwa hiyo ingia ndani, ukae. Na huyo mwanawe mkubwa anayekuzuia mlangoni, mtafute pembeni umuulize yeye aogopa nini. Ami yako hakuna aliyemuuliza hilo.

Anakusalimu sana. Barua hii usimwonyeshe.

Mamako