Ukiongeza RAM na kompyuta ikagoma, chunguza sloti kwanza

Mfunguo Mosi ndio mwezi unaonitoa jasho. Watu wametoka Ramadhani, arusi zimefuatana, na kila nyumba huku Majengo mpaka Tudor yataka kadi za mwaliko, bango la ukumbini na vibandiko vya maboksi ya halua. Kazi yote hiyo naifanya kwa kompyuta moja ya mezani, katika zile zilizotumika maofisini Uingereza kisha zikaletwa kwa kontena. Ilikuja na RAM, yaani memori ya kufanyia kazi, ya GB 4. Nikifungua bango la mita tatu, kile kiduara cha kusubiri kilizunguka mpaka chai ikapoa mezani.

Mwaka juzi nikaamua kuiongezea. Nilinunua kipande kimoja cha GB 8, cha aina ya DDR3 kama kile cha zamani, nikafunga duka baada ya Isha na kukichomeka mwenyewe. Nikawasha. Feni zikazunguka, skrini ikabaki nyeusi, na kutoka ndani ya kasha ukaja mlio, ukanyamaza, ukaja tena. Nilizima na kuwasha mara nne au tano. Asubuhi nikarudi kwa muuzaji, akanibadilishia bila maneno mengi. Cha pili nacho, mlio ule ule. Akanipa cha tatu. Wakati huo mama mmoja alikuwa ameketi kwenye stuli yangu, amekuja kuangalia kadi mia mbili za arusi ya bintiye. Akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, hiyo mashine yalia nini?” Sikuwa na jawabu la kumpa.

Vipande vyote vitatu vilikuwa vizima. Mbovu ilikuwa sloti, ule mfereji mwembamba wa ndani ya kasha ambamo RAM huchomekwa.

Naandika haya kwa sababu tangu siku ile nimeletewa mashine nyingi za majirani na jamaa zenye kisa hiki hiki, na karibu kila mmoja ameshaingia gharama ya RAM ya pili au ya tatu kabla hajainama kutazama mahali alipoichomeka. Fikiria: kompyuta yenye sloti mbili au nne hukaa miaka na kipande kimoja tu. Sloti iliyo na RAM imezibwa, haingii kitu. Ile tupu iko wazi miaka yote hiyo, inakula vumbi. Na sisi wa Mombasa tuna jambo jingine juu ya vumbi: hewa yetu ina chumvi. Mabati yanajua, bawaba za milango zinajua, na pini za ndani ya sloti, ambazo ni nyembamba mno, zinajua zaidi. Kisha siku ukinunua RAM mpya, unaichomeka wapi? Pale pale penye sloti iliyokaa wazi. Mgeni analazwa chumba kibovu, halafu analaumiwa kwa kutopata usingizi.

Nilichofanya mimi ni kuchukua tochi ya simu na kuimulika sloti ya pili kwa upande, si kwa juu. Kwa juu huoni kitu. Kwa upande nikaona pini zimepangana kama meno ya kitana, zinang'aa, zinang'aa, kisha karibu na mwisho, upande unaoelekea dirishani, kama tano hivi zimeota ukungu wa kijani. Kijani kile kile unachokiona kwenye sufuria ya shaba iliyosahaulika. Nikakumbuka kwamba msimu mzima wa kaskazi nilikuwa nimeuondoa mfuniko wa kasha ili mashine ipate hewa. Wengi tunafanya hivyo joto likizidi. Usifanye. Mfuniko ukiwapo, feni huvuta hewa kwa njia iliyopangiwa na kuipitisha juu ya sehemu zenye moto. Ukiutoa, unavuruga njia hiyo na unakaribisha vumbi na chumvi vikae popote vipendapo.

Sasa njia ninayoifuata. Kwanza kabisa, stima. Chomoa waya wa umeme ukutani, usitosheke na kuzima kwa kitufe, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kama sekunde kumi. Mashine nyingi zina taa ndogo juu ya ule ubao mkubwa wa ndani ambao mafundi huuita madabodi. Taa hiyo huendelea kuwaka hata kompyuta ikiwa imezimwa, na ukishikilia kitufe utaiona inafifia polepole mpaka izimike. Mpaka ife, usiguse RAM. Kuna umeme mdogo bado unapita, na kuchomeka au kuchomoa wakati huo kunaweza kuua kipande kizima. Kisha shika chuma cha kasha kwa mkono mtupu kabla ya kugusa kingine chochote, umeme wa mwilini ushuke.

Hatua ya pili ndiyo ambayo watu huiruka kwa haraka: rudisha mashine ilivyokuwa. Toa kipya, acha cha zamani peke yake katika sloti yake ya zamani, washa. Ikiwaka, umejua kwamba hukuharibu kingine. Isipowaka, basi tatizo si RAM mpya tena. Mkono wako uligusa kitu ulipokuwa ndani. Kebo ya diski hulegea kwa kuguswa tu. Waya wa pini nne au nane unaopeleka umeme kwenye prosesa, ule ubongo wa mashine, nao huweza kulegea. Kadi ya picha, kama unayo, huinuka upande mmoja ukisukuma madabodi kwa nguvu. Kandamiza kila kimoja kwa kidole mpaka ukihisi kimekaa.

Ikiwaka na cha zamani, kitoe. Weka kipya peke yake katika sloti ile ile ya zamani, ambayo umeshathibitisha kuwa nzima. Hapa ndipo ukweli hutokea. Kikiwaka, muuzaji hana kosa, RAM yako ni nzima na ni ya aina sahihi. Kisha geuza: chukua kile cha zamani, ambacho huna shaka nacho, ukiweke katika sloti mpya. Kikikataa, umempata mwizi. Badilisha kitu kimoja tu kila mara na andika kwenye karatasi, maana baada ya mara ya sita usiku wa manane utachanganya, na kuchanganya ndiko kunakorudisha watu dukani.

Kuchomeka kwenyewe kuna jambo lake. RAM ya kompyuta ya mezani yataka nguvu kuliko mtu anavyodhani. Fungua vishikizo vya pembeni, linganisha pengo la kwenye RAM na kizuizi cha kwenye sloti, kisha kandamiza ncha zote mbili kwa vidole gumba mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe. Utausikia: tak, upande huu, tak, upande ule. Ukisikia tak moja, bado. Kama pengo na kizuizi havilingani, usilazimishe, hiyo ni aina nyingine. DDR3 ina pini 240 na DDR4 ina 288, na mapengo yake yamewekwa mahali tofauti makusudi.

Kuhusu kusafisha. Meno ya dhahabu ya RAM yasugue taratibu kwa raba nyeupe ya penseli, mbali na kompyuta ili mabaki yasiingie ndani, kisha yafute kwa kitambaa kilicholowana kidogo spiriti ya aisopropili, ile ya asilimia 99 ikiwezekana. Sloti yataka subira zaidi. Puliza vumbi kwa pampu ndogo ya mkono. Usipulize kwa mdomo, unatia mate. Mswaki mpya, laini na mkavu, upitishe kwa urefu wa sloti, wala usipekue kwa pini au sindano hata kama mkono unakuwasha. Kisha tia spiriti kidogo kwenye meno ya RAM ya zamani, ichomeke na kuichomoa mara tano au sita. Meno yenyewe yanakwangua ukungu kwenye pini. Acha ikauke. Mimi huacha nusu saa, na wakati wa kusi, hewa ikiwa nzito ya unyevu, huacha saa nzima. Sloti yangu iliamka baada ya mzunguko wa pili wa kusafisha. Pini ikiwa imepinda au imekatika, hapo hakuna usafi utakaosaidia. Tumia sloti nyingine, au nunua kipande kimoja kikubwa ukiweke katika ile iliyo nzima.

Kama RAM mpya imekataa hata katika sloti nzima, usome ubandiko wake kabla hujaiita mbovu. Kwa DDR3 utaona maandishi kama PC3-12800, maana yake kasi ya 1600. Tazama herufi inayofuata. U ni ya kompyuta za mezani za kawaida. R ni ya seva, zile kompyuta za kuhudumia kompyuta nyingine, na kompyuta za kawaida hazitaiwasha ng'o, hata ingawa pengo limelingana na imeingia vizuri. RAM za seva zilizotumika huuzwa kwa bei inayovutia, na muuzaji mwenyewe huenda hajui tofauti. Kuna nyingine huandikwa ni za AMD pekee; kama prosesa yako ni ya Intel, ziache. Jambo jingine ni uwezo wa madabodi: mashine za zamani zina kiwango cha juu kwa kila sloti, na ukiweka kipande cha GB 8 pale panapokubali GB 4 tu, mlio utausikia. Tafuta jina kamili la modeli ya mashine yako na usome mwongozo wake kabla ya kutoa pesa. Mwongozo huo huo utakwambia maana ya milio, kwa sababu kila mtengenezaji ana hesabu yake. Hesabu mirefu na mifupi, uandike.

Usiogope kila kitu. Mara ya kwanza baada ya kubadilisha RAM, mashine inaweza kukaa na skrini nyeusi, hata kujizima na kujiwasha yenyewe, kwa kuwa inaipima RAM upya. Zenye DDR5, aina mpya zaidi, zinaweza kuchukua dakika kadhaa. Ipe nafasi kabla ya kukata stima. Nyingine huandika kwamba kiasi cha memori kimebadilika na kukutaka ubonyeze kitufe. Hilo si kosa, ni taarifa. Ikikwama kabisa, toa ile betri ya duara, CR2032, mashine ikiwa haina umeme, subiri dakika tano, irudishe. Mipangilio ya BIOS, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine, itarudi ya kiwandani, na saa na tarehe utaziweka upya.

Binamu yangu wa Likoni alikuwa na shida tofauti: mashine yake iliwaka, lakini kati ya GB 8 ikatumia 3 na kitu tu. Alikuwa na Windows ya biti 32, ambayo haivuki GB 4. Hakuhitaji RAM wala fundi, alihitaji kuweka Windows ya biti 64. Ikiwa yako ni ya biti 64 na bado inaona nusu tu, rudi kwenye sloti na tochi yako.

Sasa, kuwaka si kupona. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu yangu iliwaka, nikafurahi, na siku mbili baadaye ikanizimikia na skrini ya buluu katikati ya kazi ya yule mama. RAM yenye hitilafu ndogo, au pini inayogusa na kuachia, hufanya kazi mpaka siku utakapoijaza. Na hitilafu ya namna hiyo haikuzimii tu. Huweza kuharibu faili unalolihifadhi bila kukwambia neno. Kwa hiyo pima. Katika Windows andika mdsched kwenye sehemu ya kutafuta, itajizima na kujipima. Kipimo cha uhakika zaidi ni Memtest86+, ambayo ni ya bure, unaiweka kwenye flashi na kuiwasha kompyuta kutoka humo. Iache usiku kucha. Mashine iwe kwenye UPS, ile betri ya akiba, kama unayo, stima ikikatika saa tisa za usiku unaanza upya. Kosa moja tu jekundu ni kosa. Hakuna kusema “ni moja tu”. Likitokea, pima kila kipande peke yake.

Na kabla hujafungua kasha siku ya kwanza, ingia kwenye mipangilio ya umeme ya Windows uzime kile kipengele cha kuwaka haraka (Fast startup), kisha izime kabisa. Kikiwapo, mashine hailali kamili, inahifadhi picha ya hali yake, na ikiamka na RAM tofauti inaweza kuyumba. Mimi sikuwa nimekizima.

Nilisafisha mara ya tatu, nikaiacha na Memtest usiku wa Alhamisi. Niliporudi dukani baada ya Alfajiri ilikuwa imemaliza mizunguko minne, makosa sufuri. Nikaurudisha mfuniko na kuufunga kwa bisibisi. Kadi za yule mama zikatoka kabla ya sala ya Ijumaa, zote mia mbili, na wino wa dhahabu kama alivyoutaka.