Honi ya "auuga" inayokoroma badala ya kulia

Mkuu, umeuliza kwa nini honi ya gari lako la zamani, Ford Model A, inakoroma tu, na kama uing'oe ufunge ya kisasa. Usiing'oe. Karibu kila mara ni usafi na marekebisho.

Ndani kuna mota ndogo inayozungusha gurudumu la chuma lenye meno. Meno hayo yanagonga kitufe kilichopigiliwa katikati ya kiwambo cha bati, na kiwambo ndicho kinacholia. Ile "auuga" ni mota kushika kasi, kisha kupungua ukiachia swichi. Kwa hiyo mota ikiwa nzito, sauti haipandi.

Fungua kifuniko cha nyuma, safisha brashi za kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota inayozunguka) na sehemu zinapogusa, tia tone la mafuta kwenye beringi na grisi kidogo sana kwenye meno. Halafu kuna skrubu ya kurekebisha kule nyuma: izungushe kidogo kidogo huku ukijaribu. Ukikaza mno gurudumu linakwama, ukilegeza mno unasikia mvumo wa mota peke yake. Hapo ndipo wengi hukosa subira.

Pima umeme pia kwenye honi yenyewe, wakati inalia. Gari hilo ni la volti 6, na waya wenye kutu hula nguvu nyingi. Kama umeshahamia volti 12, usiibonyeze muda mrefu, itaungua.

Ile honi nyingine uliyotaja, ya kubinya mpira kwa mkono, haihitaji umeme kabisa. Ikinyamaza, angalia ulimi wa shaba ndani au mpira uliopasuka.