Maswali ya Uani: Gunia Linalokauka Chini, Matairi, Vifuu na Kikuba cha Jioni

Barua nyingi zilizonifikia mwezi huu zinauliza habari ya mbolea. Wasomaji wameona majani yakinyauka au matunda yakiharibika, wakadhani udongo wa uani umechoka, na baadhi yao wamekwisha kununua yurea kabla hata ya kuuliza. Nilipozisoma kwa utulivu niligundua kwamba karibu zote, pamoja na zile zinazohusu vifuu na matairi, kwa hakika zinauliza habari ya maji: yanapita wapi, yanatuama wapi na yanabeba nini. Nitazijibu kwa mtazamo huo.

Shikamoo Bibi Shamba. Nimepanda sukuma wiki katika magunia matatu. Miche ya juu imestawi, lakini ile ya ubavuni kwa chini imedumaa na kuwa ya njano. Niongeze mbolea gani? (Mama wa watoto wanne, Mbagala, Dar es Salaam)

Marahaba, mwanangu. Usiongeze mbolea yoyote kwa sasa. Chomeka kidole katika tundu la chini kabisa, ukizamishe hadi kiungo cha pili, kisha ukitoe na ukitazame. Kikitoka kikavu na chenye vumbi, miche yako ina kiu, na mbolea ya dukani utakayoitia juu ya kiu hiyo itaiunguza mizizi. Kikitoka na tope lenye harufu ya kuoza, basi maji yamekosa pa kutokea, na dawa yake ni kutoboa matundu machache kitakoni mwa gunia na kuliinua juu ya matofali mawili.

Ninavyoyajua magunia ya uani, naamini utakuta ukavu. Gunia hujazwa udongo pamoja na nguzo ya mawe katikati, na nguzo hiyo ndiyo njia ya maji. Wengi huanza vizuri: huweka kopo la rangi la lita 4 lililokatwa kitako, hulijaza kokoto, huzungushia udongo uliochanganywa na samadi, kisha huvuta kopo juu na kurudia kazi ileile. Gunia likifika nusu, mikono huchoka, kopo huwekwa kando, na nguzo hukatika. Maji yanayomwagwa juu hukutana na udongo ulioshindiliwa, hutambaa hadi ukingoni na kumwagikia nje. Mwenye bustani huona chini kumelowa, akaridhika, kumbe kilicholowa ni sakafu.

Huna haja ya kulibomoa gunia. Tafuta mwanzi mkavu unaozidi kidogo urefu wa gunia, wenye unene wa kushikika kwa mkono mmoja. Ndani ya mwanzi mna vizuizi kwenye kila kifundo, na ni lazima vyote vitobolewe. Tia kipande cha nondo motoni hadi kiwe chekundu, kishike kwa kitambaa kizito, kisha kisukume ndani mpaka uone mwanga upande wa pili. Toboa matundu madogo ubavuni kwa msumari wa moto, moja kila baada ya upana wa vidole vinne, na uyapange kwa kuzunguka ili yasikae upande mmoja. Chonga ncha ya chini, mwagilia gunia lilainike, kisha zamisha mwanzi katikati taratibu kwa kuuzungusha. Ukiupiga nyundo utapasuka. Tangu siku hiyo maji yatiwe ndani ya mwanzi asubuhi, polepole, mpaka matundu ya chini ya gunia yaanze kulowa. Baada ya wiki mbili, ikiwa majani mapya bado ni ya njano, niandikie tena na hapo tutazungumza habari ya samadi.

Je, majivu ya jikoni ni mbolea? (Mwanafunzi, Dodoma)

Ni mbolea kwa kiasi. Majivu ya kuni na ya mkaa yana potasiamu na kalsiamu, lakini hayana naitrojeni, ambayo ndiyo inayokuza majani ya mchicha na sukuma wiki. Vilevile hupunguza tindikali ya udongo, kwa hiyo konzi moja kwa kila mita ya mraba, mara moja kwa msimu, inatosha. Ikiwa udongo wenu una magadi, usiyatie kabisa.

Nimepewa matairi manne na gereji ya jirani nami nataka kuyafanya vyungu vya bustani. Mke wangu anasema nitafuga mbu. Tuamulie. (Dereva, Temeke)

Mkeo amesema kweli, ingawa si lazima uyarudishe matairi. Tairi ni bakuli la duara: ule mkunjo wa ndani huhifadhi maji ya mvua kivulini, na mbu aenezaye homa ya dengi, yule mwenye madoa meupe miguuni na anayeuma mchana, hupenda mahali kama hapo. Hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakisubiri mvua. Mayai yakilowa, wiki moja au siku kumi zinatosha kupata mbu kamili. Wakazi wa Dar es Salaam waliopitia milipuko ya 2014 na 2019 hawahitaji kukumbushwa zaidi.

Kwa hiyo, kata ubavu wa juu wa kila tairi uondoke wote. Kisu kikali kilichopakwa maji ya sabuni hupita kwenye mpira kwa urahisi kuliko kisu kikavu, lakini epuka sehemu ya katikati inayokanyaga barabara, kwa sababu ndani yake mna nyaya za chuma. Toboa matundu manane katika ubavu wa chini, sugua ndani kwa brashi ili mayai yaliyokwisha kutagwa yatoke, kisha shindilia udongo mpaka mkunjo wote ujae. Paka nje chokaa, kwani tairi jeusi linalopigwa na jua la mchana huchemsha mizizi. Mimi binafsi katika matairi hupanda maua, na mboga za kula nazipeleka kwenye magunia na matuta. Mpira wa tairi una zinki na kemikali nyingine ambazo sioni sababu ya kuzisogeza karibu na chungu changu cha mchicha.

Nyanya zangu zinaoza upande wa chini zikiwa bado mbichi. Muuza pembejeo ameniuzia dawa ya ukungu, nimepulizia mara tatu bila mafanikio. (Mwalimu, Morogoro)

Mwalimu, dawa ya ukungu haiwezi kuponya kisicho ukungu. Doa jeusi, kavu, lililodidimia kwenye kitako cha nyanya hutokea tunda linapokosa kalsiamu wakati linakua. Mara nyingi kalsiamu imo udongoni. Iliyokosekana ni safari ya kuipeleka kwenye tunda, kwa kuwa husafiri na maji yanayonyonywa na mizizi. Mmea unaoachwa siku nne bila maji na siku ya tano ukagharikishwa hupeleka kalsiamu kwa vishindo, na tunda huwa la mwisho kugawiwa.

Chuma matunda yote yaliyoathirika, kwa maana hayatapona. Mwagilia kidogo kidogo kwa ratiba isiyovunjika, na funika udongo kwa matandazo ya nyasi kavu au pumba za mpunga yenye unene wa vidole vitatu, yasiguse shina. Punguza yurea na mbolea ya kuku, kwani majani yanayokua kwa kasi hunyang'anya matunda kalsiamu. Maganda ya mayai yaliyotwangwa ni kitu kizuri kwenye lundo la mboji, lakini huchukua miezi mingi kuoza, na nyanya za msimu huu hazitayasubiri.

Maji ya mwarobaini hayaui vidukari kwenye kabichi zangu. Je, nimekosea vipimo? (Kigoma)

Huenda umekosea matarajio. Mwarobaini hauui papo hapo kama sumu ya dukani. Mdudu anayeula huacha kula, hushindwa kujivua ngozi na kufa baada ya siku kadhaa. Nguvu yake kubwa imo katika kiini cha mbegu kuliko kwenye majani. Twanga nusu kilo ya viini vilivyokaushwa kivulini, loweka katika lita 10 za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ili dawa ishike, na upulize jioni chini ya majani, mahali vidukari wanapojificha. Jua huiharibu dawa hii upesi, kwa hiyo rudia kila baada ya siku 5 hadi 7 na usiweke kiporo. Kabichi zioshwe vizuri kabla ya kupikwa, maana uchungu wake hausahauliki.

Kwetu nazi ni nyingi na vifuu tunavichoma tu. Nifanye nini navyo bustanini? (Kijana, Pangani)

Swali hili limenifurahisha. Chukua nazi iliyokwisha kufuliwa na uitazame upande wenye macho matatu. Moja kati ya macho hayo ni laini, ndilo chipukizi hutokea humo, nalo hutoboka hata kwa ncha ya kisu. Ukiivunja nazi kwa kuizungushia mpasuko katikati, kipande chenye macho kinakuwa chungu ambacho tayari kina tundu la kutolea maji. Kwangua nyuzi za nje kwa kipande cha chupa, malizia kwa msasa, kisha paka mafuta ya nazi kidogo. Kifuu kitageuka rangi ya kahawa iliyokolea. Toboa matundu matatu ukingoni kwa msumari wa moto, na utakuwa na chungu cha kuning'iniza barazani.

Kamba usinunue. Wanawake wa Paje na Jambiani, Zanzibar, hufukia makumbi, yale maganda ya nje ya nazi, ufukweni kwa miezi kadhaa, huyafukua yameoza, huyaponda hadi yakabaki usumba mtupu, yaani nyuzi zake, halafu husokota kamba kwa viganja. Wewe unaweza kuloweka makumbi katika ndoo kwa wiki mbili na kuyaponda kwa kipande cha mti. Utapata usumba mgumu zaidi, lakini unaofaa kwa kazi yako. Ukiutoa usumba baharini, uoshe mara tatu kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kuutandika chini ya mche. Mwaka mmoja nilipuuza hatua hiyo, nikaunguza kwa chumvi miche ishirini ya pilipili ambayo nilikuwa nimeiotesha kwa kujivuna mbele ya majirani.

Kumbuka kwamba kifuu ni kidogo mno kwa mmea mkubwa, na hukauka mara mbili kwa siku wakati wa kaskazi. Kitumie kama kitalu cha mche mmoja mmoja. Kile kipande kisicho na macho kigeuze kiwe kata ya kuchotea maji: toboa matundu mawili yanayotazamana, pitisha mpini wa fito, kisha choma kitakoni vitundu vidogo kama kumi kwa sindano ya gunia iliyotiwa moto. Ukichota maji kwa kata hiyo yatanyesha juu ya miche kama manyunyu, bila kuing'oa.

Kisima chetu kina maji ya chumvi kidogo. Maharage yote yamekufa, ncha za majani zimeungua. (Kigamboni)

Maharage ni miongoni mwa mazao yanayoshindwa na chumvi kabla ya mengine. Jaribu spinachi, ambayo huivumilia vizuri zaidi. Halafu acha kumwagilia kikombe kikombe: maji hukauka, chumvi hubaki juu, na baada ya muda utaona utando mweupe. Ni afadhali umwagilie kwa wingi kila baada ya siku mbili ili chumvi isukumwe chini ya mizizi, mradi tuta liwe limeinuka na maji yana pa kutokea.

Tena, kinga maji ya masika. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 5 kwa 8, mvua ikinyesha milimita 20, linakupa lita 800, na hata ukipoteza moja ya tano kwenye mfereji utabakiwa na zaidi ya mapipa matatu ya lita 200. Mapipa yafunikwe kwa wavu. Tumekwisha kuzungumza habari ya mbu.

Asalaam aleikum. Mrihani wangu unatoa maua mapema na kukauka, nami nataka wa kufungia vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, vya arusi ya binti yangu. Mkilua nao utakua lini? (Mama, Mji wa Kale, Mombasa)

Waaleikum salaam, dada, na hongera kwa arusi. Mrihani ukishatoa mbegu huona kazi yake imekwisha. Kata kila kikonyo cha ua kinapochomoza, juu kidogo ya jozi ya majani, na matawi mawili yatatoka pale palipokuwa na moja. Matawi uliyokata yaweke kwenye glasi ya maji kivulini; kwa kawaida huota mizizi kati ya wiki moja na mbili, nawe utakuwa na mirihani mingine bila kununua mbegu.

Mkilua sikudanganyi: ni mti wa kivulini, unakua polepole, na hautaiwahi arusi hii. Panda hata hivyo, chini ya mwembe au ukutani pasipopigwa na jua la mchana, na kwa mwaka huu nunua maua yake sokoni. Ni mti wa pwani yetu hasa, kiasi kwamba wataalamu wa mimea waliuandika vitabuni kwa jina lake hilihili la Kiswahili.

Kikuba chenyewe kifunge siku ileile. Chuma asumini alasiri zingali tumba, kwa kuwa hufunguka magharibi inapoingia, na zikichumwa zimekwisha kufunguka zitageuka hudhurungi kabla bibi arusi hajatoka ndani. Sindano ipite kwenye kikonyo cha kijani, si kwenye ua lenyewe, na uzi uwe wa pamba uliolowekwa. Zungushia mrihani nje, mkadi na mkilua ndani, kisha viringisha vikuba katika jani bichi la mgomba na uviweke penye baridi hadi saa ya kuvaa.