Usibadilishe maabara kesho, mkuu

Usibadilishe maabara. Mengine uliyouliza nitakujibu nikikumbuka.

Umeandika mzee ana Uviko, mnamuuguzia nyumbani, CRP ya jana (kile kipimo cha damu cha kuonyesha mwili umewaka kiasi gani kwa ugonjwa) imetoka 92, na kesho mnampeleka maabara nyingine ya mtaani kwa kuwa bei yake imepoa. Mkiona imeshuka, hospitali hamwendi. Mkuu, kwa mpango huohuo ukoo wetu ulipoteza kiwanja cha Chanika.

Ilikuwa 2021, lile wimbi la katikati ya mwaka, mitungi ya oksijeni inatafutwa mji mzima na watu wengine bado wanasema ni "changamoto ya upumuaji" tu. Baba mdogo alikuwa kwetu Tabata, anakohoa, anapiga nyungu asubuhi na jioni. CRP ya kwanza ikaja 84. Kwenye grupu la ukoo kuna ndugu yetu mmoja, hajawahi kushika hata kipimajoto, akatuma sauti ndefu: CRP ndiyo kila kitu, ikishuka mgonjwa kapona. Anaongea kwa kujiamini hadi unatamani kumlipa ada ya kumwona.

Tukaenda maabara ya pili, ya bei poa. Majibu: 14.6.

Kutoka 84 hadi 14.6! Mama mdogo akachinja kuku. Mimi ndiye niliyeipiga picha ile karatasi na kuirusha grupuni, maana mimi ndiye msomi wa familia, si unajua tena. Yule kijana wa dirishani nilimuuliza kabisa, "imeshuka eeh?" Akajibu bila kuinua kichwa, "iko chini, Mungu mkubwa." Mungu ni mkubwa kweli, lakini wewe ulilipwa kusoma karatasi!

Usiku binti wa dada yangu, alikuwa anasomea uuguzi, akanipigia. "Mjomba, mbona pembeni wameandika kawaida ni chini ya 0.5?" Nikatafuta karatasi ya kwanza. Pale kawaida ilikuwa chini ya 5. Maabara ya kwanza ilipima kwa miligramu kwa lita, ya pili kwa miligramu kwa desilita. Kaherufi kamoja, "d", kamekaa kati ya mg/ na L kanatuangalia tukila kuku. Desilita ni sehemu ya kumi ya lita, kwa hiyo 14.6 yetu ilikuwa 146. Haikushuka, ilikaribia kuwa maradufu.

Tukaazima kile kidude cha kubana kidoleni kwa jirani. Oksijeni ya damu asilimia 81. Na mgonjwa muda huohuo anabishana kuhusu Simba na Yanga, hana habari. Ugonjwa huu unaweza kukushusha oksijeni hivyo huku unaongea vizuri tu. Alfajiri tukawa tunazunguka kutafuta kitanda, na tulipokipata kilikuwa cha ICU. Alitoka hai, alhamdulillahi, ila bili ilitoka na kiwanja. Hadi leo akipanda ngazi anasimama katikati anajifanya anapokea simu.

Sasa shika hili moja: maabara ileile, yuniti ileile, na kabla ya kutamka "imeshuka" soma kilichoandikwa baada ya namba pamoja na kiwango cha kawaida pembeni yake. D-dimer, kipimo cha dalili za damu kuganda, nayo ina mtego wa aina hiyo. Kuna maabara zinaandika kwa yuniti ya FEU na nyingine DDU, na FEU huwa takriban mara mbili ya DDU kwa damu ileile. Unaweza "kupona" nusu kwa kuvuka barabara tu.

Na hata ukisoma sawasawa, CRP si mtabiri peke yake. Ini ndilo linaitengeneza, likichochewa na IL-6 (kemikali ya mwili ya kuamsha kinga), na inachukua kama siku 2 kufika kileleni, kwa hiyo mara nyingi unasoma habari za jana. Waingereza walitengeneza alama za kukadiria hatari ya kifo kwa waliolazwa na Uviko, zinaitwa 4C, jumla 21. CRP ikiwa 100 au zaidi (kwa lita, mkuu, kwa lita!) inaongeza 2 tu. Umri peke yake unaweza kufika 7. Oksijeni chini ya 92 inaongeza 2, kupumua mara 30 au zaidi kwa dakika moja kunaongeza 2 nyingine. Hizo mbili za mwisho unazipata hapo sebuleni, bila sindano.

Halafu umetaja juujuu tu kwamba wa duka la dawa kampa deksa, yaani deksamethasoni, dawa ya steroidi. Kampa kwa ruhusa ya nani? Jaribio la RECOVERY kule Uingereza mwaka 2020 lilionyesha deksa inapunguza vifo kwa walio kwenye oksijeni au mashine ya kupumulia. Ambao hawakuhitaji oksijeni haikuwasaidia. Na kibaya kwako ni kwamba deksa yenyewe inaishusha CRP. Kwa hiyo kesho inaweza kushuka kweli, kwa yuniti sahihi, na mapafu yakawa yanaendelea kuharibika. Utachinja kuku wewe.

Uliuliza pia kuhusu ferritin, kipimo kingine cha damu, na kama ulipie IL-6... hiyo hela nunua oksimita, kile kidude cha kidoleni. La vitamini sikumbuki uliulizaje.

Mpime mzee oksijeni sasa hivi akiwa ametulia, hana rangi kuchani, kidole kikiwa na joto. Hesabu pumzi zake dakika nzima bila kumwambia, akijua atabadilisha. Oksijeni ikiwa chini ya 92, au anapumua mara 30 au zaidi kwa dakika, mpeleke usiku huuhuu na karatasi zote za maabara mfukoni, usisubiri damu ya kesho. Ikiwa juu ya hapo, kesho bado anaonwa na daktari, na hizo deksa nenda nazo ukamwonyeshe. Leta namba hapa, niko macho.