Maswali ya Wasomaji: Miezi Miwili Kabla ya Kuingia Msituni

SWALI: Ndugu mhariri, ninajitolea kufundisha shule ya msingi nje ya nchi, eneo la joto. Mkataba unaisha baada ya wiki nane, kisha mimi na wenzangu wawili tutatembea siku sita katika msitu wa mvua tukiwa na mwongozaji. Kazi inanichosha, jioni sina nguvu ya mazoezi. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yetu, sehemu ngumu umeshaipita. Mwili huhitaji kama siku 10 hadi 14 kuzoea joto, na anayetua leo na kuingia msituni kesho ndiye huanguka kwa kizunguzungu. Kilichobaki ni miguu na mgongo, na hivyo unaweza kuviandaa njiani unapokwenda kazini.

Wiki ya kwanza beba kilo 5 begini, siku tatu kwa wiki. Ongeza kilo moja na nusu kila wiki hadi ufike 12 au 13, halafu wiki ya mwisho rudi kilo 5 ili mwili upumzike. Uzito uwe wa chupa za maji: lita moja ni kilo moja. Ukipata mlima au ngazi, panda na mzigo wote, kisha mwaga maji kabla ya kushuka. Magoti huumia zaidi wakati wa kushuka kuliko kupanda. Mkanda wa begi ukae juu ya mifupa ya nyonga na uubane kwanza, ndipo ukaze mikanda ya mabega. Wengi hufanya kinyume, wakamaliza siku shingo imekakamaa.

Jumamosi moja katika kila wiki mbili tembea saa nne mfululizo ukiwa na buti na soksi zilezile za safari. Usifidie wiki uliyokosa kwa kubeba kilo nyingi siku za mwisho. Hapo ndipo goti huvimba, na safari ikafa kabla ya kuanza.

SWALI: Wiki nane zinatosha kwa chanjo na dawa za malaria?

JIBU: Zinatosha ukienda kliniki wiki hii. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 hudumu maisha yote. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni dozi mbili, siku ya kwanza na siku saba baadaye. Aliyechanjwa akiumwa na mnyama bado anatakiwa kuosha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 na kupata dozi mbili za nyongeza, lakini hahitaji ile sindano ya kingamwili anayopewa asiyechanjwa, ambayo ni adimu sana mbali na miji.

Kuhusu malaria, daktari ndiye achague dawa kulingana na eneo na afya yako. Akikupa doksisaiklini, utaanza siku moja au mbili kabla ya kuingia, na utaendelea wiki nne baada ya kutoka. Imeze kwa maji mengi ukiwa umeketi wima, wala usijilaze mara moja, maana kidonge kikikwama kooni huunguza.

Soma pia bima yako ya kujitolea mstari kwa mstari. Huenda inalipia ajali za kazini tu. Tafuta maneno yanayotaja matembezi ya porini na gharama za kukuokoa na kukusafirisha hadi hospitali. Yasipokuwepo, nunua nyongeza.

SWALI: Nimeambiwa tutalala kwenye vitanda vya bembea. Na je, nguo zibebwe ngapi?

JIBU: Tunakaa hapa kidogo, kwa sababu kinachowarudisha watu nyumbani mapema ni unyevu kuliko chui au nyoka.

Nguo ni jozi mbili tu: ya kutembelea, ambayo italowa kila siku, na ya kulalia, ambayo hailowi kamwe. Ya pili ikae ndani ya mfuko usiopitisha maji, mdomo wake umekunjwa mara tatu kabla ya kufungwa. Asubuhi vua kavu, vaa ile mbichi yenye baridi. Inaudhi, lakini anayejihurumia na kutembea na nguo kavu atakuwa na jozi mbili mbichi ifikapo jioni. Suruali ya jinzi uiache nyumbani, hunywa maji na kuchuna mapaja. Usiku kausha miguu hadi katikati ya vidole, paka poda, uiache wazi. Ngozi ikiwa nyeupe na kukunjamana huku ikiuma, ni dalili kwamba haipati saa za kutosha za ukavu.

Kitanda kifunge kati ya miti hai iliyoachana mita 4 hadi 5, baada ya kutazama juu kama kuna tawi lililokufa. Mikanda ishuke kwa pembe ya nyuzi kama 30 kutoka usawa wa mlalo. Hapo kila upande hubeba mvuto sawa na uzito wako. Ukiikaza hadi nyuzi 10, mvuto hukaribia mara tatu, na ndipo kamba hukatika usiku. Lala mshazari, mgongo utanyooka. Tandika godoro jembamba la sponji chini yako, kwani upepo wa alfajiri hupoza mgongo hata kwenye joto.

Kosa moja dogo huharibu usiku mzima: maji ya mvua hufuata mkanda kutoka mtini, taratibu, hadi kwenye shuka. Funga kipande cha uzi kwenye kila mkanda, chini ya turubai, kabla ya kufika kwenye chandarua, kining'inie kama sentimita 15. Maji yatashuka kwa uzi na kudondoka ardhini. Jaribu usiku mmoja wa mvua hapo unapoishi.

SWALI: Ruba akining'ang'ania, nimchome kwa kiberiti?

JIBU: Hapana, wala usimwagie chumvi. Akishtuka anaweza kutapika ndani ya kidonda. Pitisha ukucha chini ya mdomo wake mwembamba, kisha upande wa pili, umtupe. Damu itaendelea kutoka kwa muda kwa sababu mate yake huzuia kuganda. Osha kwa sabuni, bana kwa kitambaa safi, na usikune.