Niliondoka uwanjani Kisumu abiria wakiitwa: nifanyeje safari hii?

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu, naishi Mumias. Mwaka jana nilikuwa na tikiti ya ndege ya Kisumu kwenda Nairobi, ndiyo ingekuwa mara yangu ya kwanza. Abiria walipoitwa, moyo ulinienda mbio, vidole vikafa ganzi, nikaona nitazimia. Nikatoka nje na kupanda basi la usiku. Sasa natumwa tena kikazi, na basi halitanifikisha kwa wakati. Tangu ajali iliyomuua Mkuu wa Majeshi ya Kenya, Jenerali Ogolla, hata mlio wa ndege hunitia hofu. Shemeji yangu anasema nimeze Piriton mbili nilale. Ni sawa? Na je, ni kweli ndege ikishapaa huwa kama inaanguka?

JIBU: Mwalimu, pole kwa hayo, na umefanya vyema kuuliza mapema. Nianze na lile basi la usiku, maana hapo ndipo hofu yako ilipokomaa.

Ulipotoka nje ya uwanja ulipata nafuu papo hapo, na mwili ukashika somo moja: nimepona kwa sababu nimekimbia. Haukupata nafasi ya kujionea kwamba hofu ingeshuka yenyewe hata kama ungebaki umeketi pale pale. Hofu ya namna hii hulishwa na kuepa. Ukiepa leo, kesho inakujia mapema zaidi, pengine ukiwa bado nyumbani unakunja nguo. Kwa hiyo usingoje hofu iishe ndipo usafiri. Unachojiandalia ni kuingia ndegeni ukiwa nayo, na kukaa nayo hadi itulie.

Nayo hutulia. Mshtuko wa hofu hufika kilele ndani ya dakika chache, mara nyingi 10 hivi, kisha huanza kupungua hata usipofanya lolote. Ile ganzi na kizunguzungu vina sababu inayoeleweka. Mtu akiogopa hupumua haraka kupita haja ya mwili, kaboni dayoksaidi hupungua katika damu, na mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo hubana kidogo. Inatisha, lakini haidhuru. Kuzimia kwa kawaida huja presha inaposhuka, ilhali kwenye hofu hii presha hupanda, ndiyo maana ni nadra mtu kuzimia kweli. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe taratibu ukihesabu hadi 6, uendelee hivyo kwa dakika 5. Zoezi hili lianze leo, kila jioni, ukiwa umetulia. Usingoje kulijaribu kwa mara ya kwanza uwanjani. Ila kama una pumu au ugonjwa wa moyo, au kifua hukubana hata unapopanda ngazi, muone daktari akupime kwanza.

Piriton usimeze. Hiyo ni dawa ya mzio, na usingizi ni athari yake ya pembeni. Ukilala njia nzima utafika Nairobi bila mwili kujifunza chochote. Hata dawa halisi za kutuliza wasiwasi zina shida hii. Mwaka 1997 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani kuhusu wanawake 28 wenye hofu ya ndege. Nusu walipewa alprazolam kabla ya kusafiri, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Waliomeza alprazolam walitulia zaidi siku hiyo. Wiki moja baadaye walisafiri tena, safari hii wote bila dawa, na ni wale wale waliotulizwa mwanzoni waliopatwa zaidi na mshtuko wa hofu. Pombe siishauri pia, na kuichanganya na Piriton ni hatari.

Kuhusu kuanguka: ndege haianguki, ila utahisi hivyo, kwa hiyo ujue mapema. Wakati wa kupaa injini hufanya kazi kwa nguvu nyingi na pua ya ndege huelekea juu. Baada ya muda mfupi rubani hupunguza nguvu hiyo na pua huteremka kidogo. Sikio la ndani, linalotusaidia kupima mwendo, huona kasi ya kupanda imepungua na kuitafsiri kama kushuka, ilhali ndege bado inapanda. Kabla ya hapo utasikia kishindo chini ya sakafu: ni magurudumu yakikunjwa. Mvumo kwenye mabawa ni zile sehemu za nyuma zinazorudishwa ndani. Kengele ndogo ya “ting” ni mawasiliano ya kawaida ya wahudumu. Mkipaa kuelekea ziwani, ndege italala upande ikigeuka kwenda mashariki. Hiyo ndiyo namna yake ya kukata kona.

Mitikisiko mtaipata, hasa mkivuka miinuko ya Nandi na Kericho. Mchana upepo wa ziwa huvuma kuelekea nchi kavu, ukapanda ile miinuko na kujenga mawingu ya radi. Ndiyo mvua ya mawe ya alasiri inayowaharibia watu wa Kericho majani chai. Kwa sababu hiyo, ukiweza, chukua ndege ya asubuhi, mara nyingi hewa huwa imetulia. Marubani nao wana rada ya kuyaona mawingu hayo na kuyazunguka. Mabawa yamesanifiwa yastahimili mara moja na nusu ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa angani, na ndege ya abiria yenye injini mbili lazima iweze kuendelea kupaa hata moja ikizima. Funga mkanda, kaa karibu na mabawa ambako mtikiso ni mdogo, na ulegeze mikono. Kung'ang'ania kiti huuambia mwili kwamba kuna hatari.

Kifo cha Jenerali Ogolla kule Sindar, tarehe 18 Aprili 2024, kiliwaumiza wengi, na watu wa Busia bado wanaikumbuka ndege iliyoanguka kwao Januari 2003. Ile ya kwanza ilikuwa helikopta ya jeshi, si ndege ya abiria ya kila siku. Hata hivyo sitakutibu kwa takwimu. Barabara zetu huua watu zaidi ya 4,000 kwa mwaka, na usiku ule ulipita Salgaa, palipojulikana kwa ajali, kwa basi bila kutetemeka. Unachohitaji ni mazoea.

Yajenge hivi. Ukija Kisumu kwa njia ya Luanda na Maseno, unapita karibu kabisa na uwanja wa ndege. Shuka siku moja usiyo na safari, keti eneo la wageni, sikiliza ndege zikipaa. Ipe hofu yako alama kati ya 0 na 10, na usiondoke mpaka ishuke hadi nusu. Rudia siku nyingine. Siku ya safari fika mapema, na ukiingia mwambie mhudumu mlangoni kwamba ni mara yako ya kwanza na unaogopa. Wamezoea, na atakupitia mara kwa mara. Kama kinachokusumbua zaidi ni kufungiwa ndani kuliko kuanguka, omba kiti cha kando ya njia. Safari yenyewe haifiki saa moja.

Ukijikuta huwezi hata kuingia eneo la wageni, tafuta mwanasaikolojia akusindikize hatua hizi. Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret, ina idara ya afya ya akili. Tena kata tikiti ya kwenda na kurudi kwa ndege. Mkifika salama utashawishika kurudi na basi ukisema umeshajaribu, kumbe ni safari ya pili, wiki hiyo hiyo, inayoyashikiza mafunzo ya ile ya kwanza.