Kati ya Spark Go 2024 na Galaxy A05, mchukulie mama A05

Ndugu yangu, umeuliza umnunulie mama anayeuza mitumba Kiboriloni, Moshi, simu gani kati ya Tecno Spark Go 2024 na Samsung Galaxy A05. Mimi ningechukua A05.

Betri zote ni mAh 5,000. Tofauti iko kwenye kuchaji: Samsung inapokea wati 25, Tecno wati 10. Umeme ukikatika usiku kucha na kurudi alfajiri, saa moja ya chaji kabla ya kupanda daladala itamsogeza mbali. Ila uliza kama chaja imo boksini, maana huenda ukainunua pembeni. Halafu kamera: Samsung ina megapikseli 50, Tecno 13, na mama akiwatumia wateja picha za magauni WhatsApp, wanataka kuona mpaka mshono.

Tecno inaizidi mwenzake kwa kioo cha hezi 90 (ukiteleza kidole, picha hupita laini zaidi) na kufungua kwa alama ya kidole ubavuni. A05 haina kabisa sehemu ya alama ya kidole. Kama mama husahau namba za siri, hilo lifikirie kweli.

Kabla ya kulipa, piga *#06#, tuma kwa SMS namba ya IMEI (kitambulisho cha simu) kwenda 15090, usubiri hapo hapo dukani jibu la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ujue kama simu ni halali.